Nukta Tatu Kutoka Matogoro

Matogoro, Songea
19 Novemba 2023

Mwanangu Asma,

Salaam nyingi kwako, na kwa mama yako Sharifa na magoti yake. Sisi huku tunaendelea. Mvua za kwanza zimenyesha na watu wanapanda. Mimi nimepanda kipande cha juu tu. Cha bondeni nimekiacha, kwa sababu kule kunahitaji kamba ndefu ya kunyooshea mistari na sina wa kunishikia upande wa pili.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva wa basi. Usijilaumu kwa kutokuja kuzika. Ungeaga vipi nyumbani? Ungesema unakwenda Songea kufanya nini? Mzee Leonce, mkubwa wa ukoo, naye amewaambia wote kaburini kwamba msiba wa ndugu hausemwi kwa simu, na mgonjwa wa moyo haambiwi akiwa kitandani. Baba yako akipata nguvu watakuja watu wazima wawili, wakae chini naye, waseme. Mpaka hapo ni kimya. Na umefanya vizuri kunitaka niandike kwa karatasi na kuituma shuleni kwako. Najua masikio ya baba yako yalikufa kwa ile homa, na tangu hapo simu za watu wote wa nyumbani anazisoma yeye.

Baba yako mdogo, Gaudence wangu, tulimzika Jumamosi, karibu na mama yake. Tulimvika koti lake la kazini, la enzi za ufundi simu, lile ambalo bisibisi ilitoboa mfuko. Nilitaka niushone kwanza. Wakaniambia hakuna haja, nikarudisha sindano.

Sasa jambo lenyewe. Uliandika kwamba baba yako anatoka hospitali wiki hiyo, na kwamba akifika tu atakwenda kukaa mbele ya kompyuta yake, kama kila alfajiri. Nikafikiri, akikuta kimya atauliza. Basi Jumanne niliamka, nikafunua mtambo wa marehemu, ule wa redio, nikabonyeza.

Mimi si fundi, unajua. Najua yale niliyoyaona nikimletea chai. Alikuwa akikandamiza ile swichi, nukta moja dakika nzima, anaangalia saa. Alinieleza kwamba wimbi lake ni refu na dhaifu, linapita ndani ya kelele za radi za mbali, hakuna sikio la kulisikia hata likiwa zima. Lakini ukilishikilia muda mrefu, kompyuta ya mwenzako inalikusanya kidogo kidogo na kulichora. "Sauti ikiwa dhaifu, kaa nayo," alikuwa akisema. Nilimuuliza, "Unamwambia nini siku zote?" Akanijibu, "Namsalimia kaka." Basi, hakuongeza.

Alichokuwa akituma yeye sikukiona kamwe, kwa sababu mtambo ukiwaka kioo chetu hugeuka cheupe chote. Nilikuwa naona jibu la baba yako tu likijichora baadaye. Nukta tatu kwenye mstari, kama mbegu zilizofuata kamba. Kila siku hizo hizo. Nikaona ndiyo salamu yao. Nikazituma hizo tatu.

Kwenye nukta ya pili kidole kilitoka kidogo, nilikuwa najifuta uso. Nikakirudisha.

Niambie kama alizipata, na kama nimefanya vibaya niambie pia.

Mama yako mdogo,
Fortunata


Mbesa
6 Desemba 2023

Mama mdogo, shikamoo.

Sisi hatujambo, alhamdulillah. Mama anakusalimu sana na anakupa pole kwa siri, jikoni, mbele ya moshi. Korosho zimeisha mashambani, na watu wana furaha ambayo mimi siwezi kuingia ndani yake. Walimu wenzangu wamenipa pole ofisini. Ninaipokea shuleni na kuiacha huko huko, kama koti la mvua.

Mama mdogo, Baba alizipata.

Alitoka hospitali Jumatatu, na Jumanne kabla ya jua alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake. Nilikuwa nawasha moto nikamsikia anaita. Unajua anavyoita siku hizi, hajisikii, sauti inatoka yote.

"Sharifa! Asma! Njooni muone! Ameniita!"

Mama akachukua ule ubao mdogo tunaomwandikia, akaandika, "Kakuita nani?"

"Sefu! Gaudence kaniita Sefu!"

 Akaweka kiganja juu ya kioo, pale penye zile nukta, akakiacha hapo mpaka nikaogopa kuwa moyo unamsumbua tena. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilitaka kumshika bega, Mama akanizuia. Baadaye akaomba uji, akaumaliza. Tangu augue hakuwa amemaliza bakuli.

Inaonekana hukujua, Mama mdogo. Basi nikueleze. Nukta tatu, kwa alama za simu za maandishi, ni herufi S. Ni S ya Sefu. Baba alipokuwa karani wa simu za maandishi pale posta ya Tunduru alimpenda Mama, akasilimu, akachukua jina hilo. Baba mdogo hakugombana naye. Alisema tu, "Mama alimwita Polikarp. Mimi ni nani nimbadilishe?" Na tangu siku hiyo hakumpa shikamoo, wala hakulitamka jina la Sefu, kwa mdomo wala kwa barua. Masikio ya Baba yalipokufa akatengeneza hiyo mitambo miwili, mmoja akaupakia kwenye basi uje huku, na kila alfajiri akawa anatuma herufi moja. P. Polikarp. Na Baba anamjibu, S. Sefu. Wazee wawili, mmoja anaita, mwenzake anakataa, kesho yake wanaanza upya. Mama alikuwa akisema, "Hawa watu hawajakosana, wanacheza bao."

Kwa hiyo wewe ulimrudishia Baba jibu lake mwenyewe. Na yeye anaona kwamba mdogo wake amekubali.

Siku hiyo hiyo akajibu P. Nilisimama nyuma yake nikamwona anaibonyeza, polepole, anaangalia saa. Naye amekubali jina lake la zamani, nadhani. Wamebadilishana.

Mama mdogo, nakuomba usiache. Na usirudishe P. Anakula, anatembea mpaka msikitini. Daktari amefurahi. Najua ninachokuomba si kidogo.

Mwanao,
Asma


Matogoro
22 Desemba 2023

Mwanangu Asma,

Marahaba, mwanangu. Nawatakia heri wote. Hapa tunakaribia Noeli, na watoto wa jirani wameshaniuliza kama mwaka huu nitapika vitumbua. Nimewaambia ndiyo kabla sijafikiri. Mahindi ya kipande cha juu yameota vizuri. Mwanangu Wema amepiga simu kutoka Dodoma anataka nihamie kwake. Nimemwambia tuzungumze baada ya mavuno.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Sasa nimeelewa habari ya chai. Baba yako mdogo nilikuwa nikimwekea kikombe kando ya mtambo, na kila siku akimaliza kubonyeza anakigusa na kusema, "Imepoa." Kila siku kana kwamba ni ajabu mpya. Nilipoanza kubonyeza mimi nikashangaa kuwa chai yangu bado ya moto. Nikadhani kikombe ndicho tofauti, nikatafuta kile cha kwake. Kumbe yeye alikuwa anabonyeza P. Ina mistari miwili mirefu katikati, inachukua muda. Alikuwa anapoza chai kwa ajili ya ubishi.

Na ile iliyokuwa inakuja kutoka kwenu siku hizi, fupi, ndefu mbili, fupi, nilidhani mtambo umeharibika.

Asma, ninaendelea kubonyeza kwa sababu umeniomba. Lakini kila alfajiri ninajiona kama mtu anayemshika marehemu taya ili azungumze. Aliishi na mimi miaka yote hiyo, na neno moja alilokataa kulisema, mimi nimelisema kwa ajili yake kabla udongo haujakauka. Nikipita kaburini siangalii upande wa kichwani.

Alikuwa mkaidi, sikatai. Lakini siku alipofunga ule waya mrefu wa mtambo, kutoka mkaratusi wa juu mpaka ule wa chini ya shamba, majirani walikuja wote. Mmoja akasema ataleta radi mtaani. Mwingine akamwuliza kama ni kamba ya kuanikia nguo za ukoo mzima. Na yeye juu ya mti, viatu vimening'inia shingoni, akajibu, "Polikarp hasikii, lakini macho anayo." Nilimshikia ngazi. Sikuona usoni kwake dalili ya mtu aliyemkasirikia ndugu yake.

Na ule mtambo wenu, nilimwona anaufunga kwenye kitenge changu cha njano kabla ya kuutia kwenye boksi. Nikamwambia, andika barua japo mstari mmoja. Akasema boksi limejaa. Juu akaandika POLIKARP kwa wino mzito.

Nakutakia mwaka mwema. Sijui kama nimekujibu ulichoniuliza.

Mama yako mdogo,
Fortunata


Mbesa
28 Januari 2024

Mama mdogo, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Daraja dogo huku kwetu lilichukuliwa na maji, na magari hayakupita mpaka juzi. Barua yako ililala Tunduru kwa mtu wa duka. Mama amepata dawa ya magoti. Nimepewa darasa la nne mwaka huu, wako wengi, wanakaa mpaka dirishani.

Kitenge cha njano kipo, Mama mdogo. Baba huufunika mtambo nacho. Hatukujua ni chako. Siku boksi lilipofika alilisoma juu, akasema, "Hapa hakuna mtu wa jina hili, lirudisheni." Likakaa mlangoni mpaka jioni. Mama ndiye aliyeliingiza ndani.

Sasa nina habari nyingine, na sijui niiwekeje. Baba anataka kuja Songea.

Ameshapeleka kitambaa kwa fundi, anashonewa kanzu. Nikamwandikia ubaoni, "Kanzu ya nini?" Akasema, "Ya safari. Nakwenda kwa Gaudence baada ya Idd." Nikaandika, "Moyo wako?" Akasema, "Moyo wangu utakaa wapi kama siendi?" Mama akacheka kidogo kumridhisha, akamwandikia kwamba kanzu nyeupe na udongo mwekundu wa Songea havipatani. Baba akasema, "Ndiyo vizuri. Nikirudi nao mtajua nilifika."

Mimi nikatoka nje.

Kitu kimoja kinanishangaza. Haulizi chochote. Haulizi kama Baba mdogo yu mzima, haniagizi nimtumie meseji. Jana usoni kwangu palikuwa pabaya, nilitoka kulia kwenye stoo ya shule. Akanitazama akasema, "Asma, macho mekundu. Chaki?" Nikaandika, "Chaki." Akatikisa kichwa. "Chaki za siku hizi mbaya sana."

Mama mdogo, kabla ya Idd itabidi mtu aseme. Wale watu wazima wawili wa Mzee Leonce watakuja lini?

Mwanao,
Asma


Matogoro
18 Februari 2024

Mwanangu Asma,

Marahaba. Natumaini daraja limekaa. Huku mahindi yamefika kifuani, na nyani wa milimani wameshaanza kuja kuyapima. Nimemweka jirani alinde upande wa msitu.

Nilikuwa naumwa. Malaria, na haikuwa ndogo. Ndiyo sababu alfajiri kadhaa hamkupata kitu kutoka kwangu. Sikuweza kukaa kwenye kiti. Kompyuta niliiacha inawaka kwa betri ya gari, nikalala chumba cha pili.

Nilipopata nafuu nikaangalia picha ilizochora. Asma, siku zote ambazo mimi sikubonyeza, baba yako alibonyeza. P, na kesho yake P, na kesho yake. Nyingine radi imezifuta nusu, lakini mistari miwili mirefu inaonekana. Anajibu bila kuitwa. Nilikaa nazitazama mpaka uji wangu ukashika ngozi juu. Sikuelewa, na nikaona aibu, kama mtu aliyepigiwa hodi siku nyingi akakaa kimya ndani.

Mzee Leonce mwenyewe amelazwa, na wale wengine wawili kila mmoja anamngoja mwenzake aanze safari. Usiwategemee.

Misa ya siku arobaini ya baba yako mdogo ilifanyika Desemba, sikukuandikia, niliona Noeli inatosha. Jina lake limesomwa kanisani pamoja na wafu. Kibali cha mtambo nacho kimeandikwa jina hilo hilo, na mimi kila alfajiri ninalitumia. Sijui sheria inasemaje, lakini najua si langu.

Nakuomba umwambie. Usimwache apande basi na kanzu mpya, ateremke hapa akimtafuta mtu mlangoni. Mimi siwezi kumpokea hivyo. Nimejaribu kuifikiria siku hiyo, nafika mpaka pale anapoingia getini na kuita, halafu siendi mbele zaidi.

Ukimwambia na akaanguka, lawama iwe yangu. Mimi ndiye niliyebonyeza.

Mama yako mdogo,
Fortunata


Mbesa
10 Machi 2024

Mama mdogo, shikamoo, na pole sana kwa malaria. Mama amekuwekea korosho kwenye mfuko huu, ni zile za kubangua wenyewe, kula ukizipata. Ramadhani inaingia wiki hii.

Nimeshindwa.

Ijumaa baada ya swala nilimkalisha barazani. Nikachukua ubao. Nilikuwa nimeshayafanyia mazoezi maneno shuleni, kwenye ubao mkubwa, darasa likiwa tupu. Nikaandika, "Baba, kuhusu Baba mdogo." Mkono ukaanza kuandika lile neno linalofuata.

Akauchukua ubao mkononi mwangu. Akaufuta kwa kiganja, taratibu, mpaka ukawa mweusi kabisa, akanirudishia.

"Chaki inaisha," akasema. "Iweke kwa ajili ya watoto wa watu."

Nikataka kuandika tena. Akaweka mkono wake juu ya wangu, akaanza kunieleza jinsi alivyomfundisha Baba mdogo zile nukta, walipokuwa wadogo Peramiho, kwa kugonga kijiko kwenye sufuria, na bibi anawafukuza jikoni kwa mwiko. Alieleza mpaka adhana ya magharibi, ambayo haisikii. Mimi ndiye niliyemwonyesha kuwa wakati umefika.

Usiku ule aliniomba karatasi na anwani yako. Sikumuuliza.

Naogopa, Mama mdogo.

Asma


Mbesa
24 Machi 2024

Kwa shemeji yangu Fortunata,

Asalaam aleikum, na salamu za kwenu pia, Tumsifu Yesu Kristo, maana nilizaliwa nazo na bado nazikumbuka. Nimefunga, na ninaandika asubuhi kabla kichwa hakijachoka. Afya yangu si mbaya. Sharifa anakusalimu.

Shemeji, najua kwamba Gaudence amefariki. Nilijua siku ile ile.

Usimkasirikie Asma, hakusema. Wewe ndiye uliyeniambia. Namjua mdogo wangu, tulinyonya ziwa moja. Angeweza kunijengea mtambo, angeweza kupanda mti kwa ajili yangu uzeeni, lakini Sefu hangeniita akiwa hai. Nilipoiona S ikijichora nilipiga kelele kama mjinga, nikafurahi. Furaha ile haikufika kwenye nukta ya tatu. Ile ya pili ilikuwa na pengo. Mtu ameachia kidole halafu akakirudisha. Gaudence hakuwa na mkono wa namna hiyo, wa kwake ulikuwa mzito kama nyundo. Nikajua aliyekaa kwenye kile kiti alikuwa anajifuta macho. Na kwenu mtu wa kukaa kwenye kile kiti ni wewe tu.

Kwa nini sikusema? Nilimtazama Asma. Alikuwa anakula mbele yangu ili nisijue, na mimi nikawa nakula mbele yake ili asijue kwamba najua. Nikasema, kama huu ndio uji unaotushibisha sote, tuunywe. Halafu alipotaka kusema, mimi nikaogopa. Kusoma S ni kitu kimoja. Kuliona lile neno kwa mwandiko wa mtoto wangu ni kitu kingine.

Asma alikuandikia kwamba nakujibu P, nimelikubali jina langu la zamani. Ameniambia hivyo jana, tulipozungumza yote. Hapana, shemeji. Mtu haitwi na marehemu akajibu kwa jina.

Ile P ni pole.

Nilikuwa nakupa pole. Sina masikio ya kupiga simu, na nilikatazwa kujua, kwa hiyo sikuweza kuja kuketi matangani kwa mdogo wangu. Nikaiweka yote katika herufi moja. Siku ulizonyamaza nikadhani umeugua, nikaendelea. Kama hukuielewa si kosa lako. Ni wimbi dhaifu.

Nitakuja baada ya Idd, inshallah. Kanzu ni ya kaburini. Nitasimama pale na kumwambia mwenyewe yale niliyobakiza.

Mtambo uzime. Kibali ni chake, na haki ni kwamba unyamaze naye. Lakini nina ombi moja kabla hujauzima. Nibonyezee P mara moja. Ile yake. Nimeikataa kila alfajiri tangu alipoanza kunitumia, na sasa hakuna mtu duniani atakayeniita hivyo tena.

Shemeji yako,
Sefu


Matogoro
2 Aprili 2024

Shemeji, shikamoo.

Natumaini mfungo unakwenda vizuri, na kwamba Sharifa hakuamshi mapema kuliko lazima. Sisi Pasaka imepita. Nimepika vitumbua, watoto wamekula. Mzee Leonce ametoka hospitali na ameulizwa na kila mtu kuhusu safari ya Mbesa. Nimemwambia haina haja tena. Akashukuru haraka mno.

Barua yako niliipata Jumatano Kuu. Sikuweza kuijibu mapema. Nimeirudia pale penye herufi ile, halafu nimetoa zile picha zote za kompyuta na kuzitazama moja moja, hata zile zilizofutwa na radi. Nilikuwa nazo nyumbani miezi yote hii. Pole ngapi, na mimi nikidhani mtambo umeharibika.

Jana, Jumatatu ya Pasaka, niliamka nikapika chai, nikaiweka kwenye kikombe chake kando ya mtambo. Nikabonyeza P. Fupi, ndefu mbili, fupi. Nilijitahidi kukandamiza kwa uzito kama yeye. Sikuachia kidole. Kama kuna pengo mahali, ni radi.

Halafu nikangoja. Kioo kikatulia, ikaja nukta moja. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. S yako, shemeji, kama zamani. Ukakataa kama kawaida. Nilicheka, na nilikuwa sijacheka humu ndani tangu Novemba.

Nikazima. Nimeufunika kwa kitenge, kingine, cha bluu. Waya nimeuacha juu. Ukija utanisaidia kuuteremsha, mmoja hawezi, unahitaji mtu upande wa pili.

Ulinipa pole miezi yote hiyo na mimi sikuitikia. Desturi ni mtu akipewa pole ajibu kwamba ameshapoa. Nilikaa pale baada ya kuzima nikifikiria nikujibu nini. Nikagusa kikombe.

Chai imepoa, shemeji. Mimi bado.

Fortunata